SOMO LA NYUMBANI: KUTOA VIFARANGA NDANI NA KUWAZOEZA NJE

 

Mwezi huu somo letu halitoki mimbarani, linatoka uani. Jamaa nyingi za kanisa letu zimeanza kufuga kuku, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tumeona pia jambo moja la kuhuzunisha. Vifaranga wanaletwa, wanatunzwa vizuri ndani ya nyumba kwa wiki tatu, wanafurahisha watoto, halafu wanatolewa nje na kufa ndani ya siku mbili au tatu. Watu wanasema ni ugonjwa, ni jicho baya la jirani, au ni vifaranga wabovu waliouzwa. Mara nyingi sababu si hizo. Sababu ni namna tulivyowatoa.

Basi tujifunze pamoja jambo hili moja: kifaranga hatolewi ndani siku moja. Anatolewa kidogo kidogo, kwa kufuata manyoya yake na hali ya hewa, wala si kwa kufuata haraka yetu.

1. MAKOSA YETU WENYEWE

Hatuwafundishi kama watu wasiojikwaa. Jamaa saba za kanisa tulichanga pesa, tukanunua vifaranga 60 wa siku moja mwishoni mwa mwezi wa tatu. Tulikuwa tumehesabu kwamba tutawauza wakiwa wakubwa, kabla ya ada za shule za muhula wa tatu. Mama mmoja mjane alitoa pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya unga. Tuliwalea katika chumba kimoja, kwa joto la mbabula, ile ambayo wenyeji wa hapa wanaiita sigiri.

Ilipofika siku ya 22 tulichoka. Makaa yalikuwa ghali, chumba kilinuka, na mwenye nyumba alianza kuuliza maswali. Vifaranga nao walikuwa wameota manyoya ya mabawa, wanaruka ruka, tukasema, “Hawa wamekomaa.” Tukawatoa wote sitini jioni, tukawaweka katika kibanda kipya cha mbao chenye waya pande zote. Hatukuwapa joto lolote.

Usiku ule mvua ya mwezi wa nne ilinyesha kwa upepo. Maji yaliingia kwa upande. Asubuhi tulikuta vifaranga 31 wamekufa katika pembe moja, wamerundikana juu ya wenzao. Yule mama alisimama mlangoni akauliza, “Pasta, wamekufa na baridi ao na ugonjwa?” Hatukuwa na jibu. Wiki iliyofuata wengine wanane walihara damu wakafa. Tulibaki na 21.

Leo jibu tunalo. Walikufa kwa baridi, kwa maji na kwa kukosa hewa chini ya wenzao. Ugonjwa ulikuja baadaye, ukawakuta waliobaki wamedhoofika. Yote mawili tungeweza kuyazuia.

2. KWA NINI KIFARANGA ANAHITAJI JOTO

Kifaranga wa siku moja amevikwa manyoya laini tu, ambayo hayazuii baridi wala maji. Mwili wake bado haujui kujitunzia joto. Kwa hiyo katika wiki ya kwanza anahitaji mahali penye joto la nyuzi 32 mpaka 35 za Selsiasi. Baada ya hapo tunapunguza karibu nyuzi 3 kila wiki. Wiki ya pili ni kama 30, wiki ya tatu 27, wiki ya nne 24, na wiki ya tano 21.

Sasa tuitazame Kampala. Mji huu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, lakini usiku joto linashuka mara nyingi mpaka nyuzi 17 au 18, na mvua ikinyesha baridi inazidi. Vifaranga wetu wa siku ya 22 walikuwa bado wanahitaji nyuzi kama 24 au zaidi. Tukawapa 17, pamoja na maji na upepo. Mtu akiielewa hesabu hii hatasema tena kwamba ni jicho baya.

Wasio na kipimo cha joto wasihofu. Vifaranga wenyewe ni kipimo. Wakijikusanya chini ya joto na kulia kwa sauti kubwa, wanaona baridi. Wakikimbia mbali na joto, wakapanua mabawa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana wote upande mmoja, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wanalala kwa amani, joto linawatosha.

3. MAMA KUKU NDIYE MWALIMU

Katika Mathayo 23:37 Bwana wetu alijifananisha na kuku anayetaka kukusanya vifaranga wake chini ya mabawa. Tulio wengi tumekulia vijijini, katika Kivu, Ituri na kwingineko, tumemwona kuku huyo kwa macho yetu. Hebu tukumbuke anavyofanya.

Siku za kwanza anawafunika karibu kila wakati. Anawaacha wadonoe dakika chache, halafu anaketi, nao wanaingia chini yake kupata moto. Wiki ya pili na ya tatu anatembea nao mbali kidogo, lakini mvua ikitishia anawaita. Wiki ya nne na ya tano mchana hawafuniki tena, ila usiku bado. Baadaye, wiki ya sita, ya nane au zaidi, anaanza kuwadonoa na kuwafukuza, maana wameweza.

Tazameni utaratibu wake. Anaondoa joto la mchana kwanza, la usiku baadaye. Anawatoa kwa muda mfupi, kisha anaongeza. Hawaachi kabla hawajavaa manyoya. Sisi tunaotumia bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto bila mama, tumechukua kazi ya mama huyo. Basi na tuifanye kama yeye.

4. HATARI YA KUTOA MAPEMA NA HATARI YA KUCHELEWA

Hatari ya kutoa mapema tumekwisha kuiona. Lakini kuna hatari ya pili, na hii inatuhusu sana sisi tunaokaa katika muzigo, nyumba ya chumba kimoja.

Wengine kwa hofu wanawaweka vifaranga ndani miezi miwili. Chumba kinajaa harufu kali ya kinyesi inayochoma macho na mapafu, ya vifaranga na ya watoto pia. Vifaranga wanabanana, wanaanza kudonoana mpaka damu. Matandiko yanalowa na ugonjwa unaanza humo humo ndani.

Tena sikilizeni vizuri wazazi. MSILALE CHUMBA KIMOJA NA MBABULA YA VIFARANGA. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu analala, haamki. Ikiwa chumba cha kulala ndicho mahali pekee mlipo napo, msilee vifaranga wa siku moja kwa makaa. Hakuna kuku anayelingana na mtoto.

Kwa jamaa kama hizo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua vifaranga waliokwisha kulelewa. Hapa Kampala wafanyabiashara wengi wanauza vifaranga wa mwezi mmoja, hasa wa aina ya Kuroiler, kuku waliotoka India na kuletwa Uganda mwaka 2010. Bei yao ni kubwa kuliko ya wale wa siku moja, lakini ukihesabu makaa, dawa na wanaokufa, mara nyingi tofauti si kubwa. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali matatu: Wamepata chanjo gani na siku gani? Wamelala usiku mangapi bila joto? Wanakula chakula gani sasa? Kama akisema bado wanalala na joto, jua kwamba kazi ya kuwazoeza utaifanya wewe.

Njia ya pili ni kasha la majani makavu, ambalo limetumika sana Ethiopia. Ni sanduku la mbao lenye majani makavu yaliyoshindiliwa pande zote na juu yake, na katikati kuna nafasi ndogo ya vifaranga kulala. Joto la miili yao wenyewe linabaki humo. Halitumii makaa wala umeme. Lazima liwe na matundu ya hewa, na majani yabadilishwe yakilowa. Linafaa kwa vifaranga waliokwisha kupita siku za kwanza zenye kuhitaji joto kali, na linasaidia sana katika zile usiku za mwisho kabla ya kuhamia nje.

5. DALILI KWAMBA WAKO TAYARI

Msihesabu siku peke yake. Tazameni mambo haya manne:

(a) Manyoya. Mshike kifaranga mkononi, mpulizie mgongoni na kifuani. Kama bado unaona ngozi na manyoya laini ya utotoni, hajawa tayari. Manyoya ya mabawa huota kwanza, nayo ndiyo yaliyotudanganya sisi. Mgongo na kifua ndivyo vinavyozuia mvua na baridi.

(b) Umri. Kwa hali ya hewa ya Kampala, wengi wanakuwa tayari wakiwa na wiki tano au sita. Katika majira ya mvua, mwezi wa tatu mpaka wa tano, na wa tisa mpaka wa kumi na moja, ongezeni wiki moja.

(c) Kulala bila joto. Wawe wamelala ndani, bila joto, usiku tano mfululizo, na asubuhi umewakuta wametawanyika na wachangamfu, si wamerundikana.

(d) Afya na chanjo. Asiwepo anayekohoa, anayehara au anayelegeza mabawa. Chanjo za kideri na Gumboro ziwe zimetolewa kwa wakati. Wengi hapa hutoa ya kideri siku ya 7 na kuirudia siku ya 21, na ya Gumboro siku ya 14 na kuirudia siku ya 28. Lakini fuateni ratiba mliyopewa na daktari wa mifugo au na waliowaangulia vifaranga. Msimtoe kifaranga nje siku ile ile ya chanjo, mwacheni apumzike siku kadhaa.

6. KUONDOA JOTO KIDOGO KIDOGO

Kazi ya kuwatoa nje inaanza wakiwa bado ndani. Kuanzia wiki ya tatu, siku zenye jua, ondoeni joto saa za mchana, tangu saa tano asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Watazameni. Wakijikusanya na kulia, rudisheni. Wiki ya nne ondoeni joto mchana wote, mbaki na la usiku tu. Mwisho wa wiki ya nne au ya tano punguzeni na la usiku. Washeni jioni, mliache lizimike lenyewe usiku wa manane. Baada ya siku chache msiwashe tena.

Wanaotumia taa ya umeme wajue kwamba umeme ukikatika usiku, vifaranga wadogo wanaondolewa joto kwa ghafula. Wekeni tayari chungu cha udongo chenye makaa, mbali na maranda yasije yakaungua, na dirisha liwe wazi kidogo.

Nafasi nayo iongezwe. Wale ambao katika wiki ya kwanza walitoshea 25 katika mita moja ya mraba, wakifika wiki ya nne au ya tano wanahitaji mita mbili au mbili na nusu.

7. KUTAYARISHA UWANJA NA KIBANDA

Kabla hawajatoka, mahali pawe tayari. Mkimbizi anajua uchungu wa kupelekwa mahali ambapo hapakutayarishwa.

Uwanja: Chagueni ardhi kavu, yenye mteremko kidogo, isiyotuamisha maji. Kama kuku wakubwa wamekuwa wakitembea hapo, tafuteni mahali pengine, au kwangueni udongo wa juu na kuacha jua lipige kwa muda. Kinyesi cha kuku wakubwa kina vijidudu vya kokisidia, ambavyo ndivyo vinavyoleta mharo wa damu. Vijidudu hivyo hupenda unyevu na joto, navyo hukaa ardhini muda mrefu.

Kivuli: Hapa tuko karibu na ikweta. Jua la saa saba linaweza kumwua kifaranga aliyezoea chumba. Turubai kuukuu, majani ya migomba au mkeka juu ya fito vinatosha.

Maadui: Angani kuna mwewe na kunguru, na hapa mjini hata kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani. Chini kuna paka, mbwa, panya wakubwa, nyoka na siafu. Siafu wakiingia usiku wanaweza kumaliza banda zima. Kwa hiyo siku za mwanzo vifaranga wasitembee huru. Wawe chini ya tenga, au ndani ya boma dogo lililofunikwa juu kwa waya au wavu. Kibanda cha kulala kiinuliwe juu ya miguu, na kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari ili siafu wasipande.

Kibanda: Pande mbili zinazopigwa na mvua zifungwe kwa mbao au mabati. Pande nyingine ziwe na waya, na juu yake gunia au turubai linaloshushwa jioni na kupandishwa asubuhi. Acheni nafasi ya hewa karibu na paa. Kuku anahitaji hewa, ila hahitaji upepo unaompiga akiwa amelala. Pembe za kibanda zizibwe kwa kipande cha kadibodi ziwe za mviringo, kwa maana vifaranga hufia pembeni. Chini wekeni matandiko makavu ya urefu wa kiganja. Maganda ya kahawa yanapatikana, na maranda mnaweza kuyapata kwa mafundi wa mbao, kama wale wa Ndeeba.

Ruhusa: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi anayetambuliwa kulima na kufanya kazi ya kumpatia riziki. Lakini ndani ya mji wa Kampala kuna kanuni za mifugo, nazo pia ni za mwaka 2006, zinazotaka kibali cha kufuga. Ongeeni kwanza na mwenye nyumba, kisha na mwenyekiti wa LC1, halafu mwulize afisa wa mifugo katika ofisi ya divisheni yenu ya KCCA. Wanaotaka kuona kwa macho wanaweza kwenda katika kituo cha kilimo cha KCCA kilichoko Kyanja, ambako wanafundisha ufugaji wa mjini.

8. WIKI YA KWANZA YA KUTOKA

Sasa tufuate hatua kwa hatua. Chagueni siku ambayo mtu mzima atakuwa nyumbani. Msiache kazi hii kwa mtoto peke yake.

Siku ya 1 na ya 2: Watoeni saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka. Watoeni wote pamoja, kwa sababu kifaranga mmoja peke yake anapata hofu. Wekeni maji safi na chombo kile kile cha chakula walichokizoea. Wakae nusu saa mpaka saa moja, kisha warudisheni ndani.

Siku ya 3 na ya 4: Wakae masaa mawili au matatu. Mtaona wanaanza kuchakura na kujigaragaza mavumbini. Hiyo ni dalili njema.

Siku ya 5 mpaka ya 7: Wakae tangu saa nne mpaka saa kumi jioni. Mkiona mawingu meusi, msingoje tone la kwanza. Kifaranga aliyelowa akaushwe kwa kitambaa na kupewa joto mara moja, hata kama juzi alilala bila joto.

Katika wiki hiyo msibadilishe chakula. Kubadilisha nyumba na chakula kwa wakati mmoja ni mizigo miwili juu ya kichwa kimoja. Endeleeni na chakula cha vifaranga mpaka wiki ya nane. Mkitaka kuhamia chakula cha kuku wanaokua, changanyeni kidogo kidogo kwa muda wa wiki nzima. Wanaochanganya wenyewe kwa pumba za mahindi na mukene, ambao nyumbani tunawaita ndagala, wawapepete kwanza waondoe mchanga.

9. USIKU WA KWANZA NJE

Wiki ya pili, kama hakuna mvua kubwa, walale katika kibanda. Waingizeni kabla ya giza, saa kumi na mbili kasorobo, wapate kuona mahali pa kulala. Shusheni magunia. Kisha fanyeni jambo ambalo sisi hatukulifanya: rudini kuwatazama saa tatu usiku, na tena saa sita. Wakiwa wamerundikana pembeni, watawanyeni kwa mkono polepole. Wakirudi kurundikana wakilia, warudisheni ndani bila aibu. Kurudi nyuma usiku mmoja si kushindwa. Ni afadhali kurudisha vifaranga 30 ndani kuliko kuzika 31.

Asubuhi ya kwanza msiwafungulie mara moja watembee mbali. Wafungieni katika kibanda na boma lake siku nne au tano, mpaka wajue kwamba hapo ndipo kwao. Baada ya hapo jioni watarudi wenyewe. Wekeni na kijiti cha kulalia, chini chini tu, wajifunze kupanda.

Kama mna kuku wakubwa, msiwachanganye haraka. Wawe wanaonana kupitia waya wiki moja au mbili bila kugusana. Wachanganyeni wale wadogo wakiwa wamekaribia ukubwa wa wenzao, na kwanza wekeni vyombo vya chakula na maji sehemu mbili tofauti ili wanyonge wapate kula.

10. DALILI ZA HATARI

Kifaranga akijikunja, akasimamisha manyoya na kufumba macho, mtengeni na kumpa joto. Mkiona damu katika kinyesi, msingoje kesho. Ondoeni matandiko yote yaliyolowa, wekeni makavu, na nendeni kwa daktari wa mifugo au duka la dawa za mifugo mkaeleze mlichokiona. Dawa ya amproliamu hutumika sana kwa kokisidia, ikichanganywa katika maji. Fuateni kipimo kilichoandikwa. Msigawane chupa moja jamaa tatu kwa kukisia, na msitumie dawa za binadamu zilizobaki nyumbani. Wakianza kufa wengi kwa siku moja, wakipinda shingo au kuhara kijani, msiwauze wala msiwapeleke kwa ndugu mwingine. Mwiteni daktari. Waliokufa wachomeni au wazikeni chini sana, mbali na kisima.

MWISHO

Mwaka uliofuata yule mama mjane alikubali kujaribu tena, ingawa hatukuthubutu kumwomba. Tulichukua vifaranga 20 tu. Tuliandika kwenye daftari kila usiku: joto liliwashwa mpaka saa ngapi, walilalaje, mvua ilinyesha au haikunyesha. Tulipofika wiki ya tano, sisi wachungaji ndio tuliosema, “Sasa watoke.” Yeye akamshika mmoja, akapuliza kifuani, akatuonyesha ngozi, akasema, “Pasta, huyu hajavaa bado.” Tukangoja siku nane zaidi. Katika hao 20, tulipoteza wawili tu, mmoja kwa mwewe na mmoja kwa uzembe wa mlango. Wale 18 walikua.

Wapendwa, sisi sote tumewahi kutolewa mahali pa joto kwa ghafula, usiku, bila maandalizi. Tunajua inavyokuwa. Basi kiumbe aliye mikononi mwetu tusimtendee hivyo. Tumpe siku zake, tumtayarishie mahali, na usiku wa kwanza turudi kumtazama.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Katika jamaa yenu, ni jambo gani linalowasukuma kutoa vifaranga mapema: makaa, nafasi, au mwenye nyumba? Mnaweza kulipunguza namna gani?

2. Je, kuna mtu anayelala chumba kimoja na mbabula? Kikundi kinaweza kumsaidia vipi wiki hii?

3. Mpulizieni kifaranga mmoja wa jirani mgongoni na kifuani. Yuko tayari au bado? Elezeni kwa nini.

4. Kibanda chenu kinapigwa na mvua kutoka upande gani? Mtaufunga kwa kitu gani kabla ya mvua zijazo?

5. Jamaa mbili au tatu zinaweza kulea pamoja mahali pamoja salama, kisha kugawana vifaranga wakiwa wamezoea nje? Nani ana uwanja, nani ana muda, nani ana mbao?

Bwana awabariki katika kazi ya mikono yenu.